Hesabu Limbikizi na Kosa la Mnyororo

Katika mafunzo mengi ya programu sambamba, yaani programu ambazo kazi yake imegawanywa kati ya michakato mingi inayokwenda kwa wakati mmoja na kuwasiliana kwa kutumiana ujumbe, imo rai moja iliyozoeleka kiasi kwamba ni nadra kudaiwa ushahidi. Rai hiyo inasema kwamba hesabu limbikizi, ambayo humpa kila mshiriki jumla ya thamani za wote waliomtangulia pamoja na ya kwake, ni kazi ya mfululizo kwa asili yake: wa tatu hawezi kuijua jumla yake kabla ya wa pili kuijua ya kwake, na wa pili naye humngoja wa kwanza. Kutokana na rai hiyo yamezuka mazoea mawili. La kwanza ni kuifundisha funksheni ya MPI_Scan, ambayo ndiyo huifanya hesabu hiyo, mwishoni kabisa mwa somo, baada ya utangazaji, ugawaji na ukusanyaji wa data, kama pambo ambalo mwanafunzi anaweza kulipita bila kupungukiwa na kitu. La pili, ambalo madhara yake ni makubwa zaidi, ni kuiandika hesabu hiyo kwa mkono, ama kwa mnyororo ambao kila mchakato humo hungoja ujumbe wa jirani aliye nyuma yake, ama kwa kukusanya thamani zote kwenye mchakato namba 0 ili uzijumlishe peke yake na kuzirudisha kwa wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba rai hiyo ni potofu tangu msingi wake, kwa sababu inauchukua utaratibu mmoja wa kukokotoa na kuufanya kuwa ndiyo hesabu yenyewe.

Kiwango cha MPI, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994 na ambacho ndicho kinachotawala uandishi wa programu za kutumiana ujumbe kwenye kompyuta kuu, kinaipa hesabu hii upana kuliko kujumlisha tu. Tendo linaweza kuwa kujumlisha, kuzidisha, kutafuta thamani kubwa au ndogo kuliko zote, au tendo lolote ambalo mwandishi wa programu amelitunga mwenyewe. Sharti ni moja: kuhamisha mabano kusibadili jibu, yaani kuunganisha a na b kwanza na kisha c kulete jibu lile lile la kuunganisha a na matokeo ya b na c. Kiwango hakidai kwamba washiriki wanaweza kubadilishana nafasi, na tofauti kati ya masharti haya mawili, ambayo walimu wengi huipitia juu juu, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hoja inayofuata.

Hoja ya utegemezi huvunjika mara tu sharti la mabano linapochukuliwa kwa uzito wake. Ni kweli kwamba jibu la mchakato wa nane linategemea thamani zote nane, lakini kutegemea thamani za wengine si sawa na kutegemea majibu yao. Chukuliwe mfano wa michakato 8 yenye thamani 3, 1, 4, 1, 5, 9, 2 na 6. Katika hatua ya kwanza kila mchakato unamtumia jirani aliye nafasi moja mbele yake kile ulichonacho, na mpokeaji anakijumlisha na cha kwake, hivyo mstari unakuwa 3, 4, 5, 5, 6, 14, 11, 8. Katika hatua ya pili kila mmoja unatuma nafasi mbili mbele, na mstari unakuwa 3, 4, 8, 9, 11, 19, 17, 22. Katika hatua ya tatu unatuma nafasi nne mbele, na yanapatikana 3, 4, 8, 9, 14, 23, 25, 31, ambayo ndiyo majibu kamili. Hatua tatu zimetosha mahali ambapo mnyororo ungedai saba, na idadi ya michakato inapoongezeka maradufu, njia hii huongezewa hatua moja tu. Mchakato wa nane haukuingoja jumla ya wa saba hata kidogo. Katika hatua ya mwisho ulichukua jumla ya wanne wa kwanza na kuiunganisha na jumla ya wanne wa mwisho, ambayo ilikuwa imekwisha kukamilika wakati jumla ya saba ilikuwa bado haijapatikana popote.

Njia hiyo si ugunduzi wa wakereketwa wa MPI. W. Daniel Hillis na Guy Steele waliieleza mwaka 1986 walipoandika juu ya mashine ya Connection Machine, ilhali Richard Ladner na Michael Fischer walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1980 uchambuzi wa jumla wa saketi zinazofanya kazi hiyo hiyo. Guy Blelloch alikwenda mbele zaidi mwaka 1989 kwa kutetea kwamba mlimbiko, yaani hesabu hii limbikizi, uhesabiwe kuwa tendo la msingi la kompyuta sambamba, sawa na kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu. Hata hivyo ushahidi mkali kuliko yote dhidi ya rai iliyozoeleka umo ndani ya prosesa yenyewe. Mtoto wa shule anayejumlisha namba mbili ndefu huanza kulia na kubeba tarakimu kuelekea kushoto, na hakuna hesabu inayoonekana kuwa ya mfululizo kuliko hiyo; lakini saketi za kujumlisha zilizokusudiwa kwenda kasi haziungoji mbebo upite biti baada ya biti, bali huukokotoa kwa mlimbiko wenye hatua chache, na mpangilio mmojawapo unaojulikana sana umepewa majina ya Peter Kogge na Harold Stone. Anayesema kwamba mlimbiko hauwezi kufanywa kwa pamoja huenda anaisema hoja yake kupitia mashine ambayo, katika kila namba inayojumlisha, inaikanusha.

Makala ya Kogge na Stone ya mwaka 1973 hayakuhusu kujumlisha pekee, bali milinganyo ya kurudia, yaani ile ambayo thamani mpya hupatikana kutokana na iliyotangulia, kwa mfano kwa kuizidisha thamani ya awali kwa a na kisha kuongeza b. Hapa ndipo watetezi wa mnyororo hujiona wako mahali salama, kwa kuwa inaonekana wazi kwamba pasipo thamani ya awali hakuna cha kuzidisha. Jibu ni kwamba kinacholimbikizwa si thamani, bali ni kanuni zenyewe. Kanuni ya kwanza ikiwa ni kuzidisha kwa 2 na kuongeza 3, na ya pili ikiwa ni kuzidisha kwa 5 na kuongeza 1, basi kuzifuata zote mbili kwa zamu ni sawa na kufuata kanuni moja ya kuzidisha kwa 10 na kuongeza 16, na muungano huo unaweza kufanywa kabla ya mtu yeyote kujua thamani ya kuanzia. Mabano yanaweza kuhamishwa, ila nafasi haziwezi kubadilishwa: kanuni ya pili ikitangulia, muungano unakuwa kuzidisha kwa 10 na kuongeza 5. Katika MPI mwandishi hulisajili tendo kama hili kwa MPI_Op_create na kutamka kwamba washiriki hawabadilishani nafasi. Kisha katika funksheni yake anatakiwa kukumbuka kwamba hoja ya kwanza inayoingia ndiyo inayosimama upande wa kushoto, yaani ndiyo inayotoka kwa michakato yenye namba ndogo. Anayezigeuza hupata majibu yasiyo sahihi bila ujumbe wowote wa kosa, na si ajabu akarudi kwenye mnyororo akiamini kwamba amethibitisha kuwa milinganyo ya kurudia haifai kulimbikizwa kwa pamoja, wakati alichothibitisha ni kwamba aliandika kushoto mahali pa kulia.

Gharama ya rai hii inaonekana vizuri zaidi mashine inapokuwa kubwa. Sequoia, kompyuta kuu iliyojengwa na IBM kwa ajili ya Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore huko California, na ambayo mwezi Juni 2012 ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani, ilikuwa na viini 1,572,864. Ikichukuliwa kwamba kila kiini kinaendesha mchakato mmoja, na ikikadiriwa tu, kwa ajili ya mfano, kwamba ujumbe mfupi hutumia maikrosekunde 2 kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, mnyororo unadai safari 1,572,863 zinazofuatana, yaani zaidi ya sekunde 3 ambazo karibu mashine nzima imekaa kimya. Njia ya kuongeza umbali maradufu inadai hatua 21, yaani maikrosekunde 42. Programu inayoiga hali ya hewa au mwendo wa chembe inaweza kuuhitaji mlimbiko katika kila hatua ya muda, na hatua hizo huhesabiwa kwa maelfu.

Wapo wanaoukubali udhaifu wa mnyororo lakini wakakimbilia MPI_Allgather, ambayo humpa kila mchakato nakala ya orodha nzima ya thamani, ili kila mmoja ujijumlishie sehemu unayoihitaji. Mbinu hii hushinda mnyororo kwa idadi ya hatua, na kwenye michakato 64 hakuna atakayeona tofauti, kwa kuwa orodha ya namba 64 za baiti 8 ni baiti 512 tu. Kwenye Sequoia orodha hiyo hiyo ingekuwa na baiti 12,582,912 kwa kila mchakato, na kwa mashine nzima karibu terabaiti 20 za nakala za kitu kimoja, ili kila mchakato uchukue humo namba moja ya baiti 8 na kuitupa iliyobaki. Lazima ikubaliwe kwamba kuna programu zinazoihitaji orodha nzima kwa sababu nyingine, hasa zile ambazo kila mchakato humo unapaswa kujua ni nani anayemiliki kipengele fulani, na kwa hizo orodha haikujengwa bure. Lakini mwandishi anayeijenga kwa ajili ya kupata mahali pake pa kuanzia tu hana udhuru huo, na ukweli kwamba leo anatumia michakato 64 haumsaidii sana, kwani programu za kisayansi huishi kuliko mashine zilizoandikiwa. Kukusanya kila kitu kwenye mchakato namba 0 ni kubaya zaidi: orodha inakuwa moja, lakini data yote inaingilia na kutokea mahali pamoja huku wengine wote wakingoja.

Kuna hoja moja ya watetezi wa mnyororo ambayo haistahili kupuuzwa, nayo ni kwamba maktaba zenyewe zimewahi kufanya hivyo hivyo. Ni kweli. Katika Open MPI, ambayo ni mojawapo ya maktaba zinazotumika sana, moduli ya msingi ilitekeleza mlimbiko kwa muda mrefu kwa kupokea kutoka nyuma, kuunganisha na kutuma mbele, wakati MPICH, maktaba nyingine ya MPI, ilikuwa ikitumia njia ya hatua zinazoongezeka maradufu. Lakini hoja hii, ikichunguzwa, inageuka na kumwelemea anayeitoa. Baadaye Open MPI iliongezewa utekelezaji wa hatua chache, na programu zilizokuwa zimeita MPI_Scan zikapewa nafasi ya kunufaika bila kubadilishwa mstari hata mmoja, ilhali zile ambazo waandishi wake walisuka mnyororo kwa mkono zilibaki na mnyororo wao. Vivyo hivyo toleo la tatu la kiwango, la mwaka 2012, lilipoleta MPI_Iscan, ambayo huanzisha mlimbiko na kumwachia mchakato nafasi ya kuendelea na kazi nyingine hadi jibu litakapohitajika, waliokuwa wameiita funksheni rasmi walikuwa na mabadiliko madogo ya kufanya. Kuita funksheni kwa jina lake ni kutamka nini kinatakiwa. Kuandika mnyororo ni kuamrisha namna kitakavyopatikana, na hakuna maktaba inayoweza kutambua ndani ya rundo la maagizo ya kutuma na kupokea kwamba mwandishi alikuwa anatafuta mlimbiko.

Tawi jingine la rai hiyo hiyo linaikubali MPI_Scan lakini linaiona MPI_Exscan kuwa ni ziada. Funksheni hii ya pili, iliyoingia katika toleo la pili la kiwango mwaka 1997, humpa kila mchakato mlimbiko wa waliotangulia bila kuijumuisha thamani yake mwenyewe, na inadaiwa kwamba jibu hilo linapatikana kwa kuchukua mlimbiko wa kawaida na kuondoa cha kwako. Katika kazi moja maarufu dai hili ni sahihi: michakato mingi inapoandika kwenye faili moja, kila mmoja ukiwa na idadi yake ya rekodi, mahali pa kuanzia kuandika ni jumla ya rekodi za waliotangulia, na kutoa kunatosha. Lakini si kila tendo linatenguka. Katika mfano wa michakato 8 uliotajwa juu, tendo likiwa ni kutafuta thamani kubwa kuliko zote, mchakato wa sita unapata 9, na thamani yake yenyewe ni 9. Hakuna kitu katika namba hizo mbili kinachoweza kumwambia kwamba kubwa ya waliotangulia ilikuwa 5. Kutoka mlimbiko unaowaacha wenyewe nje hadi ule unaowajumuisha ni tendo moja la ndani lisilo na mawasiliano. Kurudi nyuma huenda kusiwezekane kabisa. Kwa hiyo kama ingelazimu funksheni moja kati ya hizi mbili iitwe ziada, ingekuwa ile kongwe.

MPI_Exscan ina mtego wake, na haki inadai utajwe. Mchakato namba 0 hauna aliyeutangulia, na kiwango kinasema kwamba yaliyomo katika sehemu yake ya kupokelea baada ya wito hayana maana maalumu; hakiweki sifuri, kwa sababu tendo lililotungwa na mtumiaji huenda halina thamani isiyobadilisha kitu ambayo maktaba inaweza kuijua. Kuiweka sifuri kabla ya wito hakutoshi. Mwandishi makini huiweka baada ya wito, kwa sharti linalouhusu mchakato namba 0 pekee.

Yamebaki mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba njia ya pamoja hufanya kazi zaidi. Kila mchakato ukiwa na kipande kirefu cha data, hujumlisha kwanza kipande chake chote, kisha jumla za vipande hulimbikizwa kati ya michakato, na hatimaye kila mmoja hupita tena kwenye kipande chake ukiongeza kilichotoka kwa waliotangulia, hivyo data husomwa mara mbili. Pingamizi hili ni la kweli: kwenye michakato miwili faida yote inaliwa na marudio hayo, na kwenye minne matarajio bora ni nusu ya muda. Lakini bei hiyo ya mara mbili haiongezeki, wakati vipande vinaendelea kupungua kadiri michakato inavyoongezwa, na pale kinachohitajika ni mahali pa kuanzia tu, kama katika mfano wa faili, upitaji wa pili haupo kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu namba zenye nukta inayoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa usahihi wenye kikomo na ambazo kwa sababu hiyo hazitimizi sharti la mabano. Kwa namba za biti 64, ukichukua 10,000,000,000,000,000 na kuongeza 1, jibu linarudi kuwa lile lile, kwa kuwa katika ukubwa huo namba zinazoweza kuandikwa zimeachana kwa 2. Michakato minne yenye namba hiyo, kisha 1, 1 na 0, ikilimbikizwa kwa hatua zilizoelezwa juu, mchakato wa tatu hukutana na 1 na 1 zilizokwisha kuungana kuwa 2, na jibu lake linapanda kwa 2. Mchakato wa nne huunganisha jumla ya wawili wa kwanza, ambayo haikupanda, na 1 iliyobaki, ambayo nayo inapotea. Matokeo ni mlimbiko unaopanda na kisha kushuka, ingawa hakuna hasi hata moja kati ya thamani zilizoingia. Anayetumia mlimbiko wa namba za namna hii kuweka mipaka ya vipande vya data anaweza kupata mpaka wa mwisho ulio nyuma ya mpaka wa kuanzia, na kosa hilo likajitokeza kwenye mashine moja na kujificha kwenye nyingine. Mipaka na mahali pa kuandikia katika faili vinapaswa kulimbikizwa kwa namba kamili, tena za biti 64, kwa sababu zile za biti 32 hufurika baada ya 2,147,483,647, idadi ambayo faili kubwa huipita upesi.

Je, hilo linaipa ushindi rai ya mnyororo, kwa kuwa mnyororo hauwezi kushuka hivyo? Linaipa kidogo sana kuliko inavyodhaniwa. Wanaoutetea kwa hoja ya usahihi hudai kwamba majibu yake hayabadiliki idadi ya michakato inapobadilika, lakini mnyororo wanaouandika hujumlisha kwanza kila kipande peke yake na kisha kupitisha jumla za vipande. Idadi ya michakato ikibadilika, vipande hubadilika, mabano huhama, na biti za mwisho za jibu huhama nayo. Mnyororo ambao kweli hutoa jibu la programu ya mchakato mmoja, biti kwa biti, ni ule ambao kila mchakato humo unangoja jumla ya waliotangulia kabla ya kugusa hata kipengele cha kwanza cha kipande chake, na katika mpangilio huo hakuna wakati wowote ambapo michakato miwili inajumlisha kwa pamoja.